Stoo Zimejaa, Pesa Ziko Wapi?

Mswahili anayeishi Houston, Columbus au Minneapolis hamalizi mwaka bila kuletewa mradi. Zamani vilikuwa viwanja vya Kigamboni na Kitengela. Siku hizi ni stoo za kukodi: yale majengo ya bati kando ya barabara kuu, yenye safu ndefu za milango ya kuviringisha, ambamo mtu hupewa chumba, hufunga kufuli lake mwenyewe, hulipa mwezi kwa mwezi na huondoka siku atakayo. Mkutano unafanyika kwenye Zoom Jumapili jioni, chama kizima kimeingia, mtoa mada anaonyesha grafu, na kabla ya saa tatu usiku watu wanaulizana nani ataweka kiasi gani.

Biashara yenyewe ni ya kweli na nisingependa mtu aelewe vinginevyo. B. Wayne Hughes na Kenneth Volk walifungua kituo cha kwanza cha Public Storage huko El Cajon, California, mwaka 1972, na leo kampuni hiyo ni miongoni mwa wamiliki wakubwa wa majengo Marekani. Nchi nzima ina vituo zaidi ya 50,000, na takriban kaya moja katika kila kumi inalipia chumba mahali fulani. Ninachobishana nacho ni hesabu zinazoonyeshwa kwenye Zoom. Wanaouza mradi huu mara nyingi hawatungi takwimu za uongo. Wanataja takwimu ya kweli na kunyamazia ile inayopaswa kutajwa pamoja nayo. Nimekusanya hapa madai ninayoyasikia mara kwa mara, nianze na lile linalowalainisha watu upesi zaidi.

"Kituo kimejaa asilimia 94."

Asilimia 94 ya nini? Ya vyumba, ya eneo, au ya pesa? Hivyo ni vitu vitatu, na vinaweza kupishana kwa umbali wa kushangaza.

Tuseme kituo kina vyumba 500. Kati ya hivyo, 400 ni vidogo vya futi 5 kwa 5, yaani futi za mraba 25 kila kimoja, na 100 ni vikubwa vya futi 10 kwa 30, yaani futi 300. Vidogo vyote vimekodiwa. Vikubwa vimekodiwa 70. Ukihesabu vyumba, 470 kati ya 500 vina watu, na hiyo ni asilimia 94, hakuna uongo. Sasa hesabu eneo: vidogo ni futi 10,000, vikubwa vilivyokodiwa ni futi 21,000, jumla futi 31,000 kati ya 40,000. Ni asilimia 77 na nusu. Jengo lile lile, siku ile ile. Muuzaji atachagua ipi? Ndiyo maana kampuni kubwa hutangaza kujaa kwa eneo, na anayekutajia asilimia bila kusema ya nini anafaa kuulizwa kabla hajahamia slaidi inayofuata.

Kisha kuna pesa. Chukua vituo viwili vinavyotazamana, kila kimoja na futi 50,000 za kukodisha. Cha kwanza kimejaa asilimia 94 kwa wastani wa dola 1.20 kwa futi kwa mwezi, kwa hiyo kinapaswa kukusanya dola 56,400. Cha pili kimejaa asilimia 86 tu, lakini kwa dola 1.50, na kinapaswa kukusanya dola 64,500. Gawa kila jumla kwa futi zote 50,000, zilizokodiwa na zisizokodiwa: cha kwanza kinaleta karibu dola 1.13 kwa futi, cha pili dola 1.29. Kipimo hiki, mapato kwa kila futi iliyopo, ndicho ningekichagua kama ningeruhusiwa kimoja tu, kwa sababu kinabeba kujaa na bei kwa pamoja na hakimpi meneja nafasi ya kujificha nyuma ya upande mmoja.

Ukumbuke pia kwamba kujaa ndiyo takwimu rahisi kuliko zote kuipandisha. Toa ofa ya mwezi wa kwanza kwa dola 1, punguza bei kwa robo, na ndani ya msimu mmoja umejaa. Mwenye nia ya kuuza kituo hufanya hivyo miezi michache kabla ya kukitangaza sokoni. Mnunuzi anakuta milango imefungwa kwa makufuli na anafurahi.

Makufuli hayo nayo yaangaliwe vizuri. Pita kwenye ujia wa kituo chochote mwishoni mwa mwezi, taa zikiwaka zenyewe kila unapopiga hatua, uangalie vitasa. Milango mingi ina kufuli moja la duara, la mpangaji. Hapa na pale utaona mlango wenye makufuli mawili: la mpangaji, na jingine, mara nyingi jekundu, lililowekwa na meneja. Huyo hajalipa. Namba yake ya getini imezimwa, ameandikiwa barua, na sheria ya jimbo inampa mwenye kituo haki ya kushikilia mali hiyo na hatimaye kuipiga mnada baada ya taarifa na siku zilizowekwa. Kipindi cha Storage Wars, kilichoanza kuonyeshwa mwaka 2010, kiliwafanya watu waamini kwamba mnada huo ni sherehe ya kuokota almasi. Kwa mwenye kituo kwa kawaida ni hasara: mnada hautoshi kulipa deni, na chumba kimekaa miezi bila kuingiza senti. Wakati wote huo chumba kile kimehesabiwa kuwa kimejaa.

Kwa hiyo wenye kazi hii huweka kando ya kujaa kwa eneo kipimo cha pili, kujaa kwa mapato: pesa zilizoingia kweli, zikigawanywa kwa pesa ambazo zingeingia kama kila chumba kingekodiwa kwa bei iliyotangazwa na kila mtu angelipa. Rudi kwenye kile kituo cha kwanza. Kama bei yake iliyotangazwa ni dola 1.50, kingeweza kuleta 75,000. Kilipaswa kukusanya 56,400, wadaiwa sugu wakabaki na 2,400, zikaingia 54,000. Kimejaa asilimia 94 kwa macho na asilimia 72 kwa benki.

"Bei zinapanda, soko limeamka." Au mwaka ukiwa mbaya, dai lile lile kinyumenyume: "Bei zimeshuka, nunua sasa kabla hazijarudi."

Bei inayosemwa hapa ni ile anayoiona mteja mpya kwenye tovuti. Tuiite bei ya mlangoni. Ndiyo inayofuatiliwa na wakusanya takwimu kama Yardi Matrix, na chumba cha futi 10 kwa 10 kimekuwa kama debe la kupimia soko zima. Ina umuhimu wake, kwani huonyesha upesi mahali ambapo ushindani umekaza. Lakini haikwambii waliomo ndani wanalipa kiasi gani, na waliomo ndani ndio wengi.

Ujanja wote wa biashara hii kwa miaka ya karibuni uko katika pengo kati ya bei hizo mbili. Mteja anaingia kwa bei ya chini, ya kuvutia. Baada ya miezi michache anapokea barua ya kuongezewa pango, na baadaye nyingine. Mkataba ni wa mwezi kwa mwezi, kwa hiyo hakuna kinachomzuia mwenye kituo kuongeza, wala mpangaji kuhama. Ila kuhama maana yake ni kukodi lori, kuomba watu wawili wenye nguvu, na kupoteza Jumamosi nzima kubeba makabati. Watu wengi hulalamika na kulipa.

Nani hasa? Chukua familia inayokusanya mzigo wa kontena la kwenda Dar es Salaam au Mombasa. Wameanza na magodoro mawili na friji, wakaongeza mapipa ya nguo, matairi, jenereta ya shemeji. Walipanga miezi miwili. Mwenza wa kontena akakwama kifedha, wakala akasogeza tarehe, shemeji akapata baiskeli za bei nafuu. Mwezi wa saba bado wanalipa, na pango si lile waliloingilia. Kwa mkono mmoja wanalaani, kwa mwingine wanabofya kulipa. Mpangaji wa namna hiyo ndiye mgodi wa kituo, na hayumo kwenye bei ya mlangoni.

Hesabu yake ni hii. Vyumba 100 vya ukubwa mmoja, wapangaji wanalipa wastani wa dola 140, jumla 14,000 kwa mwezi. Bei ya mlangoni imeshuka hadi 100. Mwezi huu wametoka watano, wameingia watano: umepoteza dola 40 mara tano, yaani 200. Mwezi huohuo umewaongezea wapangaji 30 wa zamani asilimia 10, dola 14 kila mmoja: umepata 420. Bei sokoni imeporomoka na mapato yako yamepanda dola 220. Hii si hadithi ya kufikirika. Mwaka 2023 kampuni kubwa ziliwapokea wateja wapya kwa bei za chini mno kuliko mwaka uliotangulia, lakini mapato ya vituo vyao vya zamani yalipanda kidogo mwaka huo, na mwaka 2024 yakabaki karibu palepale.

Basi yule anayesema bei zimeshuka kwa hiyo soko limekufa amekosea, na anayesema zimepanda kwa hiyo tajirika naye amekosea. Uliza vitu vitatu kwa mpigo: bei ya mlangoni, wastani wanaolipa waliomo ndani, na wangapi hutoka kila mwezi. Pengo likiwa kubwa mno, mapato yote yamesimama juu ya uvumilivu wa wapangaji wa zamani, na kila anayetoka anafuatwa na wa bei rahisi. Sheria nayo inaweza kuingilia. Mioto ya Los Angeles ilipozuka Januari 2025 na hali ya dharura kutangazwa, sheria ya California inayozuia kupandisha bei zaidi ya asilimia 10 wakati wa dharura iligusa pia huduma za stoo. Aliyekuwa amepanga bajeti yake kwa kuwaongezea watu pango mara mbili kwa mwaka ilibidi aketi upya na kalamu yake.

"Mteja wetu hukaa miaka." Dai hili lina hila ndogo ya kitakwimu. Kituo chenye vyumba 100 kina wapangaji 50 wa miaka kumi, na vyumba vingine 50 hubadilisha mtu kila miezi miwili. Ukiwauliza waliomo leo, nusu ni wa miaka mingi. Ukiwahesabu wote waliopita humo mwaka mzima, ni watu 350, na 300 kati yao walikaa miezi miwili. Uliza muda waliokaa waliokwisha kutoka.

"Biashara hii haijui mdororo wa uchumi."

Dai hili lina babu mwenye heshima, na ni haki kumtaja. Mwaka 2008, hisa za karibu kila kampuni ya majengo Marekani zilipoporomoka, kundi la kampuni za stoo ndilo pekee lililowaachia wenye hisa faida, kama asilimia 5. Maelezo yalikuwa mepesi kukubalika: watu hukodi stoo wanapofiwa, wanapoachana, wanapohamishwa kikazi, wanapolazimika kuingia nyumba ndogo. Shida huzaa wateja. Tangu hapo sentensi hii haikosi katika kabrasha la mradi wowote wa stoo.

Kinachoachwa ni mwaka uliofuata. Mwaka 2009 mapato ya vituo vya kampuni kubwa yalishuka. Hayakuporomoka, yalishuka kwa asilimia chache, lakini yalishuka. Bei ya hisa katika mwaka mmoja na pango linalokusanywa getini ni vipimo viwili tofauti, na kabrasha limechukua kimoja likakitumia kusifia kingine.

Kuna jambo kubwa zaidi ya hilo. Pigo la karibuni kwa stoo za Marekani halikuletwa na mdororo. Machi 2022 Benki Kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba kutoka karibu sifuri, na kufikia Julai 2023 ilikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Mkopo wa nyumba wa miaka 30 ukakaribia asilimia 8 mwezi Oktoba mwaka huo. Mtu aliyekopa kwa asilimia 3 angeuza nyumba akakope upya kwa 8 ili iweje? Akabaki alipo. Nyumba zilizokwisha kukaliwa zilizouzwa mwaka 2023 zilikuwa takriban milioni 4.09, idadi ya chini kuliko yote tangu 1995, na mwaka 2024 zikapungua tena kidogo. Ajira zilikuwepo, watu walikuwa na pesa, lakini hawakuhama, na asiyehama hahitaji stoo. Kinachoiumiza biashara hii ni watu kutulia. Ukitaka kujua soko la stoo la mji fulani linaelekea wapi, takwimu ya nyumba zinazouzwa itakueleza mengi kuliko takwimu ya wasio na kazi.

Na usikubali ulinganisho wa Februari na Juni. Watu wa Marekani huhama shule zikifungwa. Vituo hujaa kuanzia Mei, hupungua vuli ikiingia na huwa vitupu zaidi wakati wa baridi. Grafu inayoanza Januari na kuishia Julai hupanda kila mwaka, hata katika kituo kinachokufa. Julai ilinganishwe na Julai.

"Kampuni imekua asilimia 40 kwa mwaka." Imekua kwa kuuza zaidi, au kwa kununua vituo vya wengine? Julai 2023 Extra Space ya Salt Lake City iliichukua Life Storage, yenye vituo zaidi ya 1,000, kwa hisa za thamani ya takriban dola bilioni 12. Miezi miwili baadaye Public Storage ilikamilisha kuinunua Simply Self Storage kwa bilioni 2.2. Mapato ya jumla lazima yaruke. Kwa sababu hiyo kampuni zilizo kwenye soko la hisa hutoa hesabu ya pembeni ya vituo vilevile, yaani vile vilivyokuwa mikononi mwao mwanzo na mwisho wa kipindi. Hesabu hiyo ndiyo ya kusoma. Na hata humo angalia kama orodha ya vituo imebadilishwa mwaka huo, maana kituo kipya kinachojazwa kwa mara ya kwanza kikiingizwa kwenye orodha huinua wastani wa wote.

"Mji huu una futi 4 tu kwa kila mtu. Nafasi ipo."

Futi za stoo kwa kila mkazi ni takwimu inayopendwa kwa sababu inafanana na sayansi. Wastani wa Marekani hutajwa kuwa futi 6 au 7 hivi, kutegemea nani anahesabu na anahesabu nini. Kwa hiyo mji wenye 4 una njaa na wenye 10 umeshiba. Ingekuwa hivyo, wenye mitaji wangekuwa wamekimbilia New York City zamani, maana iko chini sana ya wastani. Kwa nini hawajafanya hivyo? Ardhi ni ghali, vibali ni vigumu, na Desemba 2017 halmashauri ya jiji ilipitisha masharti ya kuzibana stoo mpya katika maeneo ya viwanda. Idadi ndogo ya futi huko inaeleza ukali wa masharti. Miji ya Texas, kwa upande mwingine, iko juu ya wastani kwa muda mrefu na bado vituo vyake vizuri vinapata pesa: nyumba nyingi huko hazina chumba cha chini ya ardhi, joto linalazimisha watu kukodi vyumba vyenye kiyoyozi, na watu wanahamia kila mwezi.

Tena, mji ni eneo kubwa mno kwa kipimo hiki. Mteja wa stoo haendeshi gari kuvuka mji. Hutafuta kilicho karibu na kwake, ndiyo maana wanaojua kazi huchora duara la maili 3 kuzunguka kiwanja, dogo zaidi katikati ya jiji, kubwa zaidi mashambani, na kuhesabu futi zilizomo humo. Kisha huuliza swali la maana kuliko yote: ni futi ngapi zinajengwa sasa, na ngapi zimeshapata kibali? Phoenix na pwani ya kusini-magharibi ya Florida zilionja hilo baada ya janga la korona. Kila mtu alitazama takwimu zilezile za 2021, kila mtu akaona nafasi, kila mtu akajenga, na vituo vikafunguliwa karibu wakati mmoja. Kituo kipya huhitaji kama miaka mitatu kujaa, na katika miaka hiyo huuza kwa bei ya kutupa na kumburuza jirani yake chini pamoja naye.

Dai hili lina mjukuu anayesafiri. Uingereza, wanasema, haifiki futi 1 kwa kila mtu. Ikifika hata nusu ya Marekani tutakuwa mabilionea. Na Afrika Mashariki karibu hakuna kitu kabisa, kwa hiyo uwanja uko wazi. Kampuni ya stoo ya huko, Big Yellow, ilianzishwa mwaka 1998 na imefanikiwa vizuri, ila Waingereza hawajaonyesha dalili ya kugeuka Wamarekani. Kuhusu kwetu, aliyewahi kutafuta stoo Kariakoo anajua kwamba stoo zipo tele, isipokuwa hazifanani na zile za bati. Mfanyabiashara hukodi chumba ghorofa ya tatu au ya nne juu ya duka, wabeba-mizigo wanapandisha marobota kwa ngazi, na mwenye jengo anadai pango la miezi sita au mwaka mzima mkononi kabla ya kutoa ufunguo. Vitu vya nyumbani vya anayehamishiwa Mwanza huishia kwa shangazi. Weka vipimo vya Marekani juu ya soko hilo uone: bei ya mlangoni na bei ya ndani haziachani, kwa sababu hakuna wa kuongezewa pango kila miezi michache; kutoka na kuingia kwa mwezi hakusomeki, kwa sababu watu wamelipa mwaka. Huenda kuna biashara nzuri ya kufanya Dar au Nairobi. Itabidi ipimwe kwa idadi ya wenye maduka wanaolala na mizigo nyumbani, na haiwezi kuthibitishwa kwa futi sifuri kwa kila mtu.

"Ni bati na kufuli tu. Haina gharama."

Hapa ndipo pesa za vyama huzama, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Ni kweli stoo haina vyoo 200 vya kuzibua wala wapangaji wanaopiga simu usiku. Vituo vya zamani vya Public Storage hubakiza zaidi ya dola 70 katika kila 100 baada ya gharama za uendeshaji, na ni wachache katika majengo wanaofika hapo. Ila kampuni yenye vituo maelfu inagawa gharama ya kituo cha simu, mfumo wa kompyuta na matangazo ya Google kwa vituo vyote hivyo. Wewe una kimoja.

Kipimo kinachotumika ni mapato halisi ya uendeshaji: unachukua pesa zilizoingia, unatoa mishahara, umeme, bima, matengenezo, matangazo na kodi ya majengo. Marejesho ya mkopo hayamo. Gawa mapato hayo kwa bei ya kituo, unapata uwiano ambao wauzaji huutaja kama wimbo: "Tunakuuzia kwa asilimia 6." Uwiano ukiwa mdogo, umenunua ghali, ukiwa mkubwa, umenunua rahisi au umenunua matatizo. Na uwiano huo hufuata riba. Kituo chenye mapato halisi ya dola 420,000 ni cha milioni 7 soko likitaka asilimia 6. Soko likianza kutaka 7, ni cha milioni 6. Hakuna mpangaji aliyetoka, hakuna paa lililovuja, na dola milioni moja haipo.

Sasa twende kwenye hizo 420,000. Ni za nani? Ni za muuzaji, kwa gharama za muuzaji. Amekimiliki kituo kwa muda mrefu, na katika majimbo mengi thamani ya kukadiria kodi ya majengo iko nyuma ya bei ya soko. Ukinunua, mkadiriaji wa kaunti huiona bei mpya na kodi inapanda. Kodi hiyo mara nyingi ndiyo gharama kubwa kuliko zote za kituo. Mezani alikuwa anakaa mke wa muuzaji bila mshahara. Wewe uko Ohio, kituo kiko jimbo jingine, lazima uajiri meneja. Tuseme kodi imeongezeka 60,000 na meneja na makato yake ni 45,000. Mapato halisi sasa ni 315,000, na uwiano wako wa kweli ni asilimia 4 na nusu.

Chama kimetoa dola 2,450,000 na kukopa 4,550,000 kwa riba ya asilimia 7, mwaka wa kwanza riba tupu. Kwenye Zoom hesabu ilikuwa hivi: 420,000 toa riba ya 318,500, wanachama wanagawana 101,500, kama asilimia 4 ya walichoweka, na grafu ikaonyesha itakavyopanda. Kwa mapato yaliyosahihishwa ni 315,000 toa 318,500. Wanachama wanadaiwa dola 3,500 kabla ya kurekebisha lango, kabla ya kuanza kulipa mkopo wenyewe, na kabla ya mtoa mada kuchukua ada yake ya usimamizi, ambayo kwa kawaida hutolewa kwanza.

Karatasi za kudai kabla ya kutuma hata senti ni chache: orodha ya wapangaji wote ikionyesha chumba, ukubwa, tarehe ya kuingia, pango na deni la kila mmoja, taarifa za benki za miezi 12 zinazoonyesha pesa zilizoingia, na marejesho ya kodi ya mapato ya kituo. Mwenye kituo asiyetaka kuzitoa ana sababu yake. Ya nne haihitaji kumwomba mtu. Kadirio la kodi ya majengo la kiwanja hicho, pamoja na kiasi kilicholipwa miaka iliyopita, ni rekodi ya umma. Kaunti nyingi zimeiweka kwenye tovuti zao, unaandika anwani ya kituo na kuisoma bure ukiwa bado ndani ya mkutano.